Impela ya chuma cha kuprinti imepasuka siku ya 41. Kosa la mashine, langu, au la maji?

#1 FundiMabatini
Wakuu, mwangaluka. Nalileta hili hapa maana karakana tumebishana mpaka chai imepoa.

Mimi ni mkerezaji, Mabatini, Mwanza, mwaka wa 23 sasa. Kuna kiwanda cha minofu ya sangara (jina naliacha) kina pampu ya zamani ambayo spea zake hazitengenezwi tena. Miaka yote impela (lile gurudumu la mapezi linalosukuma maji ndani ya pampu) ikilika wananiletea, nasubu bronzi kwenye mchanga, nakereza, inarudi kazini. Inakaa mwaka, mwaka na nusu. Safari hii kaja bosi mpya, akasema mambo ya mchanga yamepitwa na wakati. Akaagiza nje impela ya mashine ya kuprinti chuma, ile inayotandaza unga wa chuma na kuuyeyusha kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Stenlesi aina ya 316L. Ilikuja imefungwa kama keki ya harusi. Upana milimita 190, uzito kilo tatu na nusu hivi, ukiipapasa ngozi yake ni msasa mlaini. Nikapewa kumalizia: kupanua tundu la shafti lifike saizi, na kuchonga mfereji wa ufunguo, kile kipande cha chuma kinachofunga impela na shafti zizunguke pamoja.

Siku ya 41 ikapasuka. Ufa umeanzia kona ya mfereji wa ufunguo, ukapanda shingoni, kisha ukageuka na kulala na sahani ya nyuma inayobeba mapezi, karibu nusu duara. Bosi anasema fundi umeua. Mimi nasema kitu cha tabaka ni chapati zilizopangwa, lazima zitaachana. Nani mkweli?

#2 Sangara Mkavu
Nimevuta stuli, nimeagiza na soda. Endeleeni.

#3 Mhandisi wa Igoma
Kaka, hiyo ya chapati iache kwanza. Leza ikipita haiyeyushi tabaka jipya peke yake, inazama mpaka kwenye moja au mawili ya chini. Tabaka moja ni kama milimita 0.04, na dimbwi la chuma kilichoyeyuka lina kina kuzidi hapo mara mbili au tatu. Kwa hiyo hakuna gundi pale, ni kuchomelea mtupu, mistari maelfu kwa maelfu iliyopandana. Chuma cha 316L kilichoprintiwa vizuri kina nguvu ya kukataa kupinda zaidi ya maradufu ya kile cha kawaida kilicholainishwa kwa moto.

Neno kubwa hapo ni "vizuri".

#4 MzeeTupa
Na mimi neno langu ni kona. FundiMabatini, hiyo kona ya mfereji uliichonga na nini? Ilikuwa kali au uliizungusha kidogo?

#5 FundiMabatini
Shikamoo mzee. Nilianza na mashine, nikamalizia kwa tupa. Kona ilikuwa kali. Lakini mzee, hata za bronzi nachonga hivyohivyo, miaka 23, haijawahi kupasuka hata moja!

#6 MzeeTupa
Marahaba. Basi ushajijibu nusu. Bronzi inasamehe, stenlesi inaandika deni. Mota ya nguzo mbili kwa umeme wetu inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika, na kila ukiwasha ufunguo unapiga ile kona teke. Ufa wa uchovu wa chuma siku zote unatafuta kona kali. Nimeona shafti nene kama mguu wa meza ikikatika kwa mkwaruzo ambao ungesema ni wa ukucha.

#7 Sangara Mkavu
Kesi imefungwa, fundi alipe 😂

#8 Nshomile wa Bukoba
Haijafungwa. Ufa wa kona ya ufunguo ungepanda shingoni mpaka mwisho na impela igawanyike. Huu uligeuka ukalala na sahani. Kwa nini ugeuke kama hakukuwa na njia rahisi zaidi mle ndani? Mleta uzi, swali moja tu: iliprintiwa imelala au imesimama?

#9 FundiMabatini
Nitajuaje mkuu? Ilikuja imeshakatwa kutoka kwenye bamba ilikojengewa.

#10 Nshomile wa Bukoba
Iweke juani uitazame kwa ubavu. Ikiwa ilijengwa imelala utaona vimistari vinaizunguka sambamba na sahani, kama pete za ndizi iliyokatwa. Ikiwa ilijengwa imeinama, vimistari vinapita mshazari. Wengi huziinamisha ili mapezi ya ndani yasihitaji nguzo za kuyashikilia, maana ndani ya impela iliyofungwa (mapezi yako kati ya sahani mbili) nguzo hizo huzitoi hata kwa maombi.

Hesabu: imelala, kimo cha milimita 60 ni tabaka 1,500. Imeinama nyuzi 45 ni zaidi ya 4,000. Bei nayo inapanda hivyohivyo.

#11 Mama Mwaloni
Samahani wakubwa, mimi nauza dagaa, sijui impela. Hiyo mashine inaweza kutoa propela ya injini ya boti? Vijana wangu wanazivunja kwenye mawe kila mwezi kama wanazila.

#12 Mhandisi wa Igoma
Dada, inaweza, ila bei ya moja utanunua za dukani mpaka ujaze beseni. Kuprinti chuma kunalipa pale ambapo kitu hakipatikani, au umbo lake halichongeki. Propela yako ya alumini inasubuliwa kwa maelfu, huko mashine hii haina ubavu.

#13 Babu wa Kisumu
Jameni, propela imeshaprintiwa lakini. Rotterdam, 2017. Kipenyo mita 1.35, kama kilo 400, tabaka 298, shaba ya nikeli na alumini. Hiyo si ya unga na leza, ni roboti imeshika tochi ya kuchomelea, inamwaga waya mstari juu ya mstari. Halafu wakaisugua na mashine mpaka ikang'aa. Mafundi wa jua kali huku kwetu wakiona ile video wanasema, hii si ni ile sisi hufanya shafti ikiisha? Unajaza kwa welding, unarudisha kwa lathe.

#14 MzeeTupa
Ni ileile! Na si ya jana. Kuna Mmarekani anaitwa Baker aliomba hataza 1920, akapewa 1925, ya kujenga mapambo ya chuma kwa kumwaga matone ya kuchomelea juu ya mengine. Hawa wa leo wameongeza kompyuta tu.

#15 Sangara Mkavu
"Wameongeza kompyuta tu." Mzee hapo umenimaliza. Na ndege ni baiskeli iliyoongezwa mbawa tu.

#16 Mkerewe Halisi
Mimi nilidhani hii kitu ni ya Wachina, 2015 hivi.

#17 Nshomile wa Bukoba
Hapana ndugu yangu wa kisiwani. Ya utomvu unaogandishwa kwa mwanga ni ya Chuck Hull, Marekani, aliomba hataza 1984 akapewa 1986. Ya unga na leza ilianzia chuo kikuu cha Texas pale Austin, kijana anaitwa Carl Deckard na mwalimu wake Joe Beaman, miaka hiyohiyo ya 80. Wajerumani wakaingia kwenye chuma hasa katikati ya miaka ya 1990. Kuna na mpango mwingine wa chuo cha MIT, Marekani, wa kunyunyizia gundi kwenye unga, halafu kipande kinaokwa kwenye tanuri.

#18 Mkerewe Halisi
Asante nshomile. Nilijua tu utajibu na hataza.

#19 FundiMabatini
Nimerudi. Nimeiweka juani. Mgongo wa sahani umeshasuguliwa na kupakwa kitu, sioni mstari. Ila ndani, kati ya pezi na pezi ambako tupa haifiki, vimistari vipo na vinapita mshazari.

Kingine. Kijana wangu ana kile kioo kidogo cha kubandika kwenye kamera ya simu. Tumepiga picha uso wa ufa. Sehemu ya kwanza karibu na kona ni laini, ina mawimbi kama mchanga wa ufukweni. Baada ya hapo, pale ulipogeukia, kuna vishimo visivyo na umbo, na ndani ya vishimo kuna vipunje vya mviringo vinang'aa. Kama ulezi umemwagika kwenye zulia.

#20 Mhandisi wa Igoma
Ehee! Hivyo vipunje ni unga ambao haukuyeyuka. Leza haikufika vizuri, au kioo chake kilikuwa na moshi, au mistari iliachana. Kishimo cha hewa huwa mviringo safi kama povu la soda. Kishimo chenye umbo la ovyo na ulezi ndani ni tabaka ambazo hazikushikana. Waliokuuzia hawakuipima ndani.

#21 FundiMabatini
MzeeTupa umesikia? Wamesema ulezi!

#22 MzeeTupa
Nimesikia. Na mawimbi laini yako wapi? Kwenye kona yako. Ndiyo yaliyotangulia. Ulezi umekuta safari imeshaanza.

#23 Mdada wa Maabara
Habari zenu. Nafanya kazi ya maji (si kwenye kiwanda chake). Vipunje vinavyong'aa mnavishangilia haraka. Ngozi ya kipande kilichoprintiwa huwa na vipunje vilivyonata nje kila mahali, ndiyo ule msasa alioupapasa. Ufa ukipita karibu na ngozi utaviona. FundiMabatini, vilikuwa katikati ya unene wa sahani au pembeni?

Na maji ya pampu hiyo ni ya ziwani moja kwa moja au yameshatiwa klorini?

#24 FundiMabatini
Dada, sahani yenyewe unene milimita 5, katikati na pembeni ni majirani. Maji ni ya tanki, yameshatiwa dawa. Kuosha samaki lazima.

#25 Mdada wa Maabara
Basi niongeze mshukiwa. 316L inavumilia maji ya kawaida, lakini klorini ikizidi inaanza kutoboa vidoa vidogo, hasa mahali maji yamejificha na hayazunguki. Vishimo vilivyofunguka kwenye ngozi ni nyumba nzuri sana kwa hiyo kazi. Na kama kijana wa zamu hutia dawa kwa kikombe cha chai badala ya kupima, pale tanki linapotiwa dawa pampu inakunywa kali tupu kwa dakika kadhaa.

#26 Sangara Mkavu
Kikombe cha chai 😂😂 Dada umeshafika kile kiwanda wewe.

#27 Nshomile wa Bukoba
Kuna watakaosema klorini imepasua chuma kwa mvutano. Niwahi mapema: kwa stenlesi za jamii hii, kupasuka kwa namna hiyo ni ugonjwa wa maji moto, nyuzi 60 kwenda juu. Maji ya Mwanza hayafiki huko hata Oktoba. Kutoboka, ndiyo. Kupasuka kwa klorini peke yake, hapana.

#28 Gugumaji
Mbona hakuna anayesema pampu ilikosa maji? Sisi wa Musoma, gugumaji likiziba chujio pampu inanguruma kama imemeza kokoto. Vipovu vinapasuka juu ya mapezi, kila kimoja kinyundo. Impela ya chuma gani itapona?

#29 FundiMabatini
Mkuu umesoma? Inavuta kwenye tanki. Gugumaji litaingiaje tankini, kwa miguu?

#30 Gugumaji
Haya. Valvu ya upande wa kunyonya ilikuwa wazi yote?

#31 FundiMabatini
...Nitauliza.

#32 Plastiki Nyakato
Nawapotosha kidogo, mnisamehe. Mimi niko kwenye mabeseni na vifuniko. Hizo mashine huku kwetu kazi yake si spea, ni kalibu. Tatizo letu ni kupoza. Plastiki ikishaingia kwenye kalibu, muda mwingi wa mzunguko ni kusubiri ipoe. Njia za maji unatoboa kwa drili, na drili inakwenda moja kwa moja tu, haijui kukata kona. Kwa hiyo pembe ya beseni inabaki ya moto, beseni likitoka linakunja mdomo kama limenuna. Kalibu ya kuprinti unaipa njia ya maji inayofuata umbo lenyewe, inazunguka pembe kama mshipa wa damu. Haichongeki kwa mashine yoyote ya kukata.

Tumewahi kupata kipande kimoja tu cha hivyo, cha kuchomeka ndani ya kalibu ya kawaida. Chuma chake kina nikeli asilimia 18, kinaprintiwa kilaini, kinachongwa, ndipo kinakaa kwenye tanuri nyuzi 490 kwa saa sita hivi na kuwa kigumu kukaribia tupa ya MzeeTupa. Mabeseni yakaacha kununa.

#33 Mkerewe Halisi
Na kutu ndani ya hizo njia? Maji ya kupozea mnayachuja?

#34 Plastiki Nyakato
Umenigusa kidonda. Mwezi wa nane njia moja iliziba tope. Njia iliyonyooka unasukuma waya. Iliyojikunja kama utumbo unasukuma nini? Tulipitisha tindikali nyepesi siku mbili tukiomba Mungu. Ilifunguka, ila si kama mwanzo.

#35 MzeeTupa
Ndiyo maana napenda kitu ninachoweza kukiona ndani.

#36 Mhandisi wa Igoma
Turudi kwa marehemu. FundiMabatini, ulipokuwa unapanua tundu, ulibana kwa taya tatu za mashine ya kukereza? Ulipolegeza, tundu lilibaki duara?

#37 FundiMabatini
Mkuu wewe mchawi. Nilipopima bado imebanwa, duara safi. Nikalegeza, likawa yai, tofauti ya milimita 0.05. Nikabana tena taratibu nikapitisha mkato mwembamba mpaka likakubali.

#38 Mhandisi wa Igoma
Hapo mimi ndipo ninapolala. Chuma kikiyeyuka na kuganda mara elfu kadhaa kinabaki na mkazo ndani, kama chemchemi iliyofungwa kamba. Inatakiwa kipande kipashwe moto kikiwa bado kimeshikana na bamba, kitulie, ndipo kikatwe. Wakiruka hatua hiyo kuokoa siku mbili, wewe ukichonga ndio unaikata kamba. Tundu linageuka yai. Na mkazo huo unaendelea kuvuta kona yako kila sekunde, pampu iwe imewashwa au imezimwa. Iliambatana na karatasi yoyote ya kupashwa moto?

#39 FundiMabatini
Karatasi ilikuwepo moja. Bosi anayo. Nilisoma "316L" na ankara tu.

#40 MzeeTupa
Mhandisi, kwa heshima. Bana hata bakuli la stenlesi jipya kwa taya tatu, kaza kwa hasira, toboa, legeza. Litakuwa yai. Huyu ana mkono mzito, namjua. Hicho si kipimo cha mkazo wa kiwandani, ni kipimo cha kiganja chake.

#41 FundiMabatini
Mzee, wewe ndiye ulinifundisha kukaza.

#42 Sangara Mkavu
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#43 Babu wa Kisumu
Swali moja dogo. Mchoro walitoa wapi? Pampu ya zamani, kampuni haiko. Ni nani alipima?

#44 FundiMabatini
Kuna kijana pale kiwandani aliipiga ile ya zamani kwa kifaa cha mwanga, ikaingia kwenye kompyuta. Ile iliyokuwa imelika.

#45 Babu wa Kisumu
Iliyolika! Bwana, mmeprinti uzee. Mapezi yaliyoliwa yakatoka membamba yakiwa mapya, upande mmoja umelika kuliko mwingine. Iliwahi kusawazishwa uzito kabla ya kufungwa? Ukingo wa kitu cha milimita 190 kwa mizunguko hiyo unakwenda karibu mita 29 kwa sekunde. Gramu chache upande mmoja ni mtikisiko mchana na usiku.

#46 FundiMabatini
Haikusawazishwa na mtu. Zangu nasawazisha kwenye visu viwili pale karakana, naiacha izunguke yenyewe, upande mzito unashuka chini, nakwangua. Hii niliambiwa "usiiguse zaidi ya tundu, imetoka kwenye kompyuta".

#47 Mama Mwaloni
Kwa hiyo mpaka sasa washukiwa ni: kona, ulezi, kikombe cha chai, valvu, moto ambao haukuwashwa, kiganja, na kijana wa kompyuta. Kwenye boti yangu akivunja propela mtu ni mmoja, na anajulikana.

#48 Nshomile wa Bukoba
Dada umetuweka sawa. Mimi bado niko na tabaka. Vimistari mshazari maana yake tabaka zilikata sahani ya nyuma kwa pembe, na ufa ulipogeuka ulipata barabara yenye ulezi.

Pembeni kidogo: watu wa ziwa hili na chuma hatukukutana jana. Kwetu Buhaya walikuwa wanayeyusha chuma miaka kama 2,000 iliyopita, wamechimba pale Katuruka, watafiti Schmidt na Avery wakaandika 1978 jinsi hewa ilivyopashwa moto kabla ya kuingia tanurini.

#49 Mkerewe Halisi
Tulikuwa tunasubiri tu Buhaya ifike. Na Warongo wa Geita na Biharamulo je, ambao majembe yao Wasukuma walitolea mahari? Hao hawana nafasi kwenye hotuba?

#50 Nshomile wa Bukoba
Wana nafasi. Ya pili.

#51 Plastiki Nyakato
😂 FundiMabatini, ushauri wa kazi. Ikate vipande viwili mbali na ufa, kipande kimoja king'arishe kama kioo. Vishimo vikiwa vimetapakaa kila mahali, kosa ni la waliochapa. Vikiwa kwenye ufa tu, rudi kwa mzee. Siku moja ya kazi, msasa mpaka namba 1200, basi.

#52 Mdada wa Maabara
Nakubaliana. Na kabla hujakata, tafuta vidoa vya kutu ya rangi ya chai karibu na kona.

#53 FundiMabatini
Wabheja sana wakuu. Nimeuliza ya valvu: kijana wa zamu anasema "huwa tunaifungua nusu, ikiwa yote inapiga kelele". Kesho naenda kuichukua impela nikate. Wakati huohuo wameniletea bronzi, nasubu Jumamosi. Kona safari hii nazungusha, mzee usinipigie simu.

#54 Gugumaji
NUSU. Nilisema mimi.

#55 MzeeTupa
Zungusha hata milimita moja. Na nitapiga.

#56 FundiMabatini
Wakuu, kuna habari. Nimefika kiwandani saa mbili asubuhi. Mtunza stoo jana jioni kasafisha banda. Impela imekwenda na vyuma chakavu, kilo tatu na nusu, kwa bei ya chuma cha kawaida, si hata ya stenlesi. Karatasi nayo bosi anasema ilikuwa ndani ya boksi lake.

#57 Sangara Mkavu
Yaani marehemu kazikwa bila kupimwa.

#58 Mhandisi wa Igoma
Zile picha za simu unazo?

#59 FundiMabatini
Za kijana. Kazifuta apate nafasi ya mpira.

#60 Plastiki Nyakato
Aliyenunua chakavu ni wa wapi? Igogo au Mkuyuni? Kesho napita njia hiyo na pikapu, sumaku ninayo. Itakuwa ndiyo pekee isiyonata kwenye lundo zima.